Dubu wa Harlan

Jioni hiyo milima ya Montana ilikuwa imetulia, ndugu zangu. Marlys alikuwa jikoni akimenya viazi, na nje mumewe, Harlan, alikuwa akimwita dubu kama mtu aitaye kuku.

"Njoo, bibie! Njoo ule!"

Dubu jike akateremka kutoka kwenye misonobari, akatumbukiza kichwa kwenye ndoo ya mahindi na mabaki ya nyama. Majirani waliokuja kutazama wakapiga makofi.

Marlys hakupiga. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza: nani huwaambia ndege wakati wa kuhama? Mti hujuaje kwamba baridi inakuja? Mezani akamgeukia mumewe.

"Harlan, huyo anakupenda wewe, au anapenda msosi?"

"Ananijua hadi sauti! Au umeanza kumwonea wivu dubu?"

"Na siku akikosa chakula?"

"Wewe na maswali yako! Kula, viazi vinapoa."

Maofisa wa wanyamapori walikuja kumwonya. Akawajibu kwamba uwanja ni wake na rafiki ni wake.

Vuli ile Harlan alianguka akavunjika nyonga, akalazwa mjini. Hakuna aliyejaza ndoo. Asubuhi moja Marlys akasikia mlango wa jikoni ukisukumwa. Akapiga kelele, akagonga sufuria, kama tufanyavyo sote huku kumfukuza dubu. Lakini huyu alikuwa amefundishwa kwamba sauti ya mtu ni mwito wa chakula. Hakukimbia. Aliingia.

Jirani yao, Coy, alimkuta Marlys sakafuni, uso umeraruliwa, mkono wa kulia unaning'inia. Hospitalini waliukata. Dubu naye alipigwa risasi palepale uani, wala hakujaribu kutoroka.

Harlan alirudi akitembelea magongo. Alipomwona mkewe, akaangua kilio.

"Nisamehe, Marlys. Nilimpenda tu yule mnyama."

"Ulimpenda?" Marlys akauliza polepole. "Mbona basi amekufa?"

Mpaka leo Harlan ndiye anayemfunga mkewe vifungo vya gauni kila asubuhi, kimoja kimoja, mpaka kifungo cha mwisho.

FUNZO

Mnyama wa porini haombi urafiki wetu. Hofu yake kwetu ndiyo ngao yake. Anayemzoesha kula mkononi anamchimbia kaburi, na huenda akawachimbia na wa nyumbani kwake. Na mwenzako akiuliza swali juu ya pori, usimcheke. Litafakari kabla pori halijakujibu lenyewe.