Kibao Kimoja, Picha Mbili

Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alikuwa na baiskeli mpya, na baiskeli hiyo ilikuwa imemvimbisha kichwa. Asubuhi alifunga gauni la bibi harusi nyuma ya kiti, ndani ya mfuko safi, akaondoka kama mshale. Njia mpya nyuma ya nyumba yake ilikuwa pana na laini. Gari hata moja halikupita.

"Nipisheni! Bibi harusi anasubiri!" alipaza sauti. Kring! Kring!

Watu walitawanyika kama kuku. Mmoja hakutawanyika: mama mkwe wake, na ndoo ya nyanya kichwani. Fundi akakamata breki. Gurudumu likateleza. Nyanya zikabingirika njia nzima, na wote wawili wakaketi chini bila kupenda.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema akihema, "kama umenichoka, si useme tu!"

"Nisamehe, mama! Umeumia?"

"Mimi mzima. Nyanya ndizo marehemu."

Fundi alimwinua, lakini mdomo haukumtulia. "Ila mama, njia hii ni ya baiskeli. Tazama kibao kile. Huoni baiskeli?"

"Naiona. Na wewe huoni mtu? Njia ni ya watu wa miguu!"

Mambo yangefika mbali kama jirani yao, mwalimu wa udereva, asingetokea. Aliwasikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nyote mmesema kweli, lakini nusu nusu," alisema. "Kibao hiki cha duara, cha buluu, kinasema njia ni yenu nyote. Sasa, katikati ya picha mnaona nini?"

"Mstari," fundi alijibu. "Umesimama wima."

"Basi njia imegawanywa. Baiskeli iko kushoto kwenye kibao, ipite kushoto. Mtu yuko kulia, apite kulia."

Fundi akatazama chini. Kweli, mstari mweupe ulikuwa umechorwa njiani. Na baiskeli yake ilikuwa imelala kulia! Uso ukamwiva.

"Ahaa!" mama mkwe alisema, kidevu juu.

"Ngoja, mama," mwalimu alisema. "Mbele kuna kibao kingine. Picha ni zile zile, lakini mstari wima hakuna. Pale mnachanganyika."

"Kwa hiyo pale napita mbio popote?" fundi aliuliza.

"Thubutu! Pale ndipo upunguze mwendo. Wa miguu hupewa nafasi kwanza. Piga kengele mapema, kwa upole, si kama nyumba inaungua. Na wewe, mama, ukiisikia, sogea pembeni."

Fundi aliokota nyanya nzima, akaomba radhi tena, akapanda. Safari hii alishika kushoto. Alipofika kwenye kibao cha pili, alipunguza mwendo.

Ghafla baba mmoja akatoka getini, akisukuma kigari cha mtoto. Fundi akabana breki taratibu. Baiskeli ikasimama kabla ya kukifikia kigari.

"Asante, dada!" baba yule alisema.

Fundi alikitazama kigari kikipita. Angekuja na mbio zile za kwanza, ingekuwaje?

Gauni lilifika kabla ya harusi. Bibi harusi aliruka kwa furaha.

Jioni, fundi alipokwisha kurudi na kuingia ndani, mama mkwe alimngoja mlangoni, ameishika baiskeli kwa mikono miwili.

"Nifundishe kuendesha," alisema.

"Wewe, mama?"

"Ndiyo, mimi! Upande wangu nimeshaujua. Sasa nautaka na wako."