Shanga za NyaMphande

Ilikuwa asubuhi ya kawaida ufukweni kwetu ziwani, Nkhata Bay. Dagaa walikuwa wamekauka upande mmoja juu ya vichanja, na wanawake walikuwa wakimtania mama yangu mdogo, NyaLongwe, ninayekaa kwake chuo kikifungwa.

"NyaLongwe, mumeo kaleta mtumbwi umejaa tena. Katoka kwa mwenzio?"

"Mwenzangu yupi?"

"Si mke mkubwa. Anayewalisha nyie ni yeye."

Mke mkubwa alikuwa marehemu. NyaMphande, mke wa kwanza wa Lameki, mume wa mama mdogo, alizama kwenye ghuba ndogo nyuma ya kilima kabla hajapata mtoto, na mwili haukuonekana. Tangu hapo perege walihamia humo. Kwingine nyavu zilitoka na majani matupu, humo, tele. Mimi nasoma mambo ya samaki chuoni, na nilishawaeleza: pale kuna mchanga laini wa kutagia, kuna mawe ya kujificha, na upepo wa kusini ukivuma hupandisha maji yenye chakula. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kuiita Ghuba ya NyaMphande.

Ushirikina wao haukuniudhi. Aliyeniudhi ni Lameki. Mama mdogo alijipamba, akavaa vipuli vyake vya kijani, akampakulia kondowole, ule ugali wetu wa muhogo, bado inafuka moshi. Naye, akimega tonge, anasema: "NyaMphande akipita, shanga zake unazisikia tangu mlangoni." Vipuli hakuwahi kuviona. Mwanamume anaoa mke hai halafu anaishi na maiti, na watu wanauliza kwa nini mke ana wivu. Mlitaka awe na nini?

Sasa, perege jike hulelea watoto wake mdomoni. Kwetu ukimkuta jike mdomo umevimba, unamchovya kichwa majini kwanza, unamtikisa mpaka wale wadogo watoke, ndipo unampasua. "Watoto wa NyaMphande hao," wanawake husema, "waende kwa mama yao." Asubuhi ile mama mdogo alimshika jike mmoja, akampanua mdomo, akawakung'utia watoto kwenye mchanga wa moto.

"Mama mdogo, watie majini."

"Wana mama yao, Wezi mwanangu. Aje awachukue."

Waliruka kidogo, wakatulia. Mdomoni mwa yule jike kitu kimoja kilikuwa kimebaki.

Ushanga mwekundu.

Kuanzia siku hiyo alikagua mdomo wa kila jike aliyetoka kwenye ghuba ile. Kila mmoja alikuwa na ushanga wake. Nilimwambia uzi wa marehemu ulioza, shanga zikatawanyika mchangani, samaki wanaziokota wakitafuta chakula. Ilikuwa hoja nzuri. Bado naiona nzuri.

"Hizi ndizo alizokuwa akiringia," alininong'oneza, akizitunga kwenye uzi wa wavu. "Nitazivaa mimi. Tuone atamsifia nani."

Siku shanga zilipotosha kuzunguka kiuno, alizivaa. Lameki alikuwa anakula. Mama mdogo akapita nyuma yake, shanga zikalia. Lameki akaacha tonge.

"NyaMphande?"

Mama mdogo alifungua mdomo ajibu. Akaufunga. Hakuufungua tena.

Alipika. Alitwanga muhogo. Alitabasamu, midomo imebana. Lakini hakula, wala hakunywa hata maji, na badala ya kukonda, mashavu yake yalianza kujaa. Lameki alifurahi. Akasema siku hizi nyumba ina utulivu.

Nilimsihi avue zile shanga. Akaushika mkono wangu, akaupeleka kiunoni. Uzi haukuwapo. Shanga zilikuwa zimeota kwenye ngozi, zimepandana kama magamba.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Perege jike akiwa na watoto mdomoni, hali kitu.

Mchana mmoja nilimwona anapanda kilima. Nikamfuata. Nilipofika ghubani, maji yalikuwa yamemfika kifuani, vipuli vya kijani masikioni.

"Mama mdogo. Turudi nyumbani."

Aligeuka. Akaweka kidole midomoni, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Kisha akainama, kidevu kikagusa maji. Akafungua mdomo.

Wakatoka.

Wadogo, weusi, kama punje za ulezi. Wengi. Walizunguka mbele ya uso wake, naye akawatazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Walikuwa wake. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho marehemu hakukipata.

Tai akapita juu. Kivuli chake kikagusa maji.

Watoto wakashtuka, wakakimbilia kwa mama yao. Mama mdogo akaachama, awapokee.

Walimpita.

Nyuma yake, chini ya maji, mdomo mwingine ulikuwa wazi.

Aliuona. Uso wake ukabadilika, na sura ile niliijua. Ndiyo aliyokuwa nayo kila Lameki alipotaja shanga. Hakupiga kelele. Aliwafuata.

Wazamiaji hawakupata kitu. Ghuba ya NyaMphande sasa haina hata samaki mmoja. Perege wamehamia mbele ya nyumba yetu, pale mama mdogo alipokuwa akioshea vyungu, na watu wameshapaita kwa NyaLongwe. Lameki ameoa tena.

Juzi mke wake mpya, Tiwonge, alinipigia simu chuoni. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Dada Wezi, eti marehemu alikuwa na vipuli vya kijani? Lameki anavisifia kila tukila."

"Hakuwahi kuvitazama. Kwa nini?"

"Kimoja nimekipata leo, mdomoni mwa samaki. Natafuta cha pili."

"Tiwonge, kitupe. Sasa hivi. Unanisikia?"

Hakujibu. Simu haikukatika. Nilisikia pumzi zake tu, zikitoka puani.