Moyo Uliobaki kwa Yustina

Kitu cha kwanza Spès alichokiona kwa yule kijana ni duara la maji kwenye paji la uso. Shati lake la njano lilikuwa kavu, suruali kavu, na mjini Mpanda mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Soko lilijaa watu wa mchele na karanga, baiskeli yake ikaziba njia mbele ya mgahawa wa shangazi Specioza, na Spès akasimama na birika mkononi, akitazama tone likishuka hadi kwenye nyusi.

Alimpa kitambaa.

"Asante, dada. Ni maji ya chumvi. Nimetoka kuwekewa umeme kichwani."

Shangazi akaacha kukanda unga. "Umeme? Kwani wewe ni redio?"

Kijana akacheka. Aliitwa Pacifique, msafirisha mchele kutoka Mwamkulu, na siku za sikukuu alishindana mbio za baiskeli. Watafiti walikuwa wamepanga ukumbi karibu na soko. Walimvalisha kofia yenye sponji zilizolowa, wakapitisha umeme mdogo sana, kisha akanyonga baiskeli isiyokwenda popote huku wakimuuliza amechoka kiasi gani. Walitaka kujua kama ubongo ukiguswa hivyo mwili unachelewa kuchoka.

"Na unachelewa?" Spès aliuliza kwa sauti ndogo mpaka Pacifique akainama ili aisikie.

"Sana. Mapaja yanawaka moto, ila kichwa kinasema twende."

Tangu siku hiyo alikunywa chai pale kila alipotoka ukumbini. Alimwita Spès "betri yangu", naye akaficha kicheko kwenye ncha ya kitenge chake cha kijani.

"Mbona hujawahi kuniita jina langu?" Pacifique aliuliza siku moja.

"Nakuita kwa chai."

"Chai haina mdomo, mpenzi."

Spès aliinamia vikombe. Maneno yake mengi aliyasema akiwa peke yake, anaosha vyombo.

Asubuhi moja Pacifique aliacha simu yake ichajiwe mgahawani. Ikaita. Kwenye kioo liliandikwa jina la Yustina.

"Pokea, labda ni mgonjwa," shangazi akasema.

Spès akapokea. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mwanamke ilisema, "Pacifique, moyo wako umebaki kwangu tangu jana. Njoo uuchukue kabla sijampa mwingine."

Spès akakata simu. Pacifique alipokuja kudai chai, alijibiwa imeisha, na birika lilikuwa linatoa mvuke mbele ya macho yake.

Jioni alipiga simu.

"Spès, nimekosa nini?"

"Moyo wako uko wapi?"

"Uko kwa Yustina. Nikipata nafasi nitaufuata."

"Basi baki naye huko huko."

"Spès, subiri, mbona..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku ya mbio soko lilihamia barabarani. Spès alibaki mgahawani akisugua sufuria iliyokuwa safi tayari. Akaingia mama wa makamo mwenye miwani na raba nyeupe, ameshika mkanda mweusi.

"Naitwa Yustina, wa kule ukumbini. Huyu Pacifique wenu ni msahaulifu. Ameacha moyo wake."

"Ameacha nini?" shangazi akauliza.

"Huu mkanda. Unavaliwa kifuani kuhesabu mapigo. Sisi tunauita moyo tu. Nampigia, mtu ananikatia."

Shangazi alikaa chini na kucheka mpaka akajifuta machozi kwa mikono ya unga. Spès alitamani kuingia ndani ya sufuria.

"Leo si atashinda?" akauliza akiangalia sakafu. "Kwa ule umeme."

Yustina akapumua. "Jana tumewaeleza ukweli. Wengine tuliwawekea kweli. Wengine kofia iliwawasha ngozi kidogo mwanzoni, tukazima, ili tuweze kulinganisha. Walikubali tangu awali, ila hakuna aliyejua yuko upande gani. Kofia ya Pacifique ilikuwa imezimwa. Sasa anasema bila umeme hawezi kitu, akaondoka bila hata kuuchukua mkanda."

"Kama ilizimwa, aliyekuwa ananyonga ni nani?"

"Kamwambie hivyo," Yustina akasema, akampa mkanda.

Spès alikimbia mpaka kwenye mlima wa mwisho. Mwandu, bingwa wa mwaka jana, alikuwa anaongoza. Nyuma yake alikuja Pacifique, kichwa chini, mdomo wazi, magoti yanapanda taratibu kama ya mtu aliyekwisha kukubali. Watu walipiga makopo. Spès akanyanyua mkanda juu.

"Pacifique! Moyo wako uko kwangu, njoo uuchukue."

Barabara nzima ikageuka. Pacifique akainua kichwa.

"Umeme ulizimwa," Spès akaendelea kupaza sauti, akikimbia kando yake. "Ilikuwa miguu yako. Siku zote ilikuwa miguu yako."

Pacifique akasimama juu ya pedali. Mishipa ya shingo ikatoka, pumzi ikasikika kama msumeno, na kile kichwa kikasema twende. Kileleni alimpita Mwandu, na mteremko wa kwenda uwanjani ukawa wake peke yake.

Alirudi akiikokota baiskeli, amevishwa shada la majani shingoni. Safari hii uso wote ulikuwa umelowa.

"Nimefuata moyo wangu," akasema.

"Mkanda chukua." Spès hakushusha sauti, mbele ya shangazi, mbele ya Mwandu, mbele ya soko zima. "Moyo wenyewe sikurudishii. Nakupenda, Pacifique."