Bunduki Ndani ya Ulezi

Haya yalimpata shoga yangu Cornelia wa Msanzi, na aibu ni yake, si yangu. Kwenye msiba wa jirani yao Yusto, mumewe, Baba Angela, aliiba bunduki ya zamani ya marehemu, akaifuta kwa tupa alama ya taji la Mwingereza na namba zilizochongwa pale risasi inapoingilia, isijulikane ni ya nani. Wakaifukia kwenye kihenge cha ulezi. Mjane alipouliza, Cornelia, mla komunyo kila Jumapili, akasema hajaiona.

Juzi, mumewe akiwa amekwisha kufa, Cornelia alitaka kuisalimisha polisi kama silaha isiyo na mwenyewe. Alipoingiza mkono kihengeni gizani, akasikia tupa: kwaru, kwaru.

“Baba Angela, acha!”

Tupa ikakoma. Akaitoa juani. Taji lilikuwa limerudi, na namba yote, na vumbi la chuma lililoizunguka lilikuwa bado la moto.