Tepu Nyekundu Kwenye Kiwiko

"Toa hiyo kadi ya picha kwenye orodha," Mhandisi alimwambia fundi. "Mke wangu haihitaji."

"Mimi bado si mke wako," nikasema. "Na kadi naihitaji."

Duka lilikuwa na upana wa vitanda viwili, rafu hadi darini, feni za kompyuta zimetundikwa ukutani kama sahani. Nyuma ya kaunta alisimama fundi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alitutazama kwa zamu, kisha akageukia upande wangu.

"Kompyuta itakaa mezani kwa nani?"

"Kwangu."

"Inakwenda kufanya nini?"

Miaka minne ya uchumba na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikajibu kwa pupa.

"Mimi nachora ramani za majengo. Nataka mteja aingie ndani kabla hata msingi haujachimbwa. Atembee koridoni, afungue mlango, aone jua linaingilia dirisha lipi. Niliyo nayo sasa, ikifika mlangoni tu inaganda."

Bisibisi akachukua kalamu ya wino mzito, akayaandika maneno yangu yote ubavuni mwa boksi tupu.

"Ndiyo kawaida yangu," akasema. "Sianzi na vifaa. Naanza na maneno ya mwenye meza, halafu kila kipande nakipima kwa hayo."

Mhandisi akacheka puani. Niseme mapema, jamani, kwamba Mhandisi hakusomea uhandisi. Anauza magodoro. Siku moja aliifufua redio ya jirani kwa kuipiga kofi, na jina likamganda. Tangu hapo akawa wa kuulizwa kila kitu chenye waya, naye hajawahi kusema hajui.

"Fundi, muwekee lile kasha la kioo, lenye taa za rangi. Linapendeza sebuleni."

"Kompyuta haikai sebuleni," nikasema.

"Na pawa saplai weka yoyote. Si inatoa umeme tu?"

Bisibisi akavua miwani. "Kaka, hii ndiyo inayolisha vyote. Watu huibania kwa sababu imejificha. Ikiwa dhaifu, vilivyobaki vyote ni mapambo."

Nikachagua mwenyewe. Pawa saplai nzito hadi mkono uliniuma kuinyanyua. Prosesa ya kazi ngumu, kumbukumbu ya kutosha, kasha jeusi lenye matundu mengi ya hewa na bila taa hata moja. Na ile kadi ya picha, ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja.

"Hiyo ndiyo itakayokutembeza koridoni," Bisibisi akasema.

Mhandisi alitoka nje kabla sijamaliza kulipa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kamati ya hospitali ilikuwa inasubiri kuona mchoro wa wodi mpya ya wazazi. Wakiukubali, ningefungua ofisi yangu. Wakiukataa, ningerudi kwa bosi ambaye kwa miaka sita amekuwa akiandika jina lake chini ya michoro yangu. Mhandisi aliyajua yote hayo. Nilikuwa nimemweleza hadi mate yakanikauka.

Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Mchoraji, umebadilisha mawazo?" Alikuwa Bisibisi.

"Kuhusu nini, dada?"

"Mumeo amenipigia. Anasema nitoe kadi kubwa, niweke ndogo yenye taa. Eti mmekubaliana."

"Umemjibuje?"

"Nimemsomea maneno yaliyo kwenye boksi. Nikamwambia atakayebadilisha ni yule aliyeyasema."

Nilimpigia Mhandisi papo hapo, hata salamu sikutoa.

"Umemwambia fundi tumekubaliana nini?"

"Mpenzi, tulia kwanza."

"Sitaki kutulia. Jibu."

"Lile dude ni kubwa mno kwa mtu anayechora tu."

"Kwa mtu anayechora tu?"

Nikasikia mlango wa stoo yake ukifungwa, halafu sauti yake ikarudi ikiwa chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Ukiwa na mashine kubwa utapata kazi kubwa. Ukipata kazi kubwa, mimi utaniweka wapi?"

Huyu ndiye mwanaume aliyewahi kubeba michoro yangu ndani ya shati lake mvua ikitupiga, yeye akalowa chepechepe, karatasi zikafika kavu. Nilimpenda, nisidanganye.

"Ungeniuliza hivyo tangu dukani ningekujibu," nikasema. "Ningekuweka hapo hapo ulipo. Lakini usiniibie kadi yangu kwa mlango wa nyuma."

"Nisamehe. Jumapili wazee wanakuja kupanga tarehe. Niache nikaichukue mashine dukani, niifunge mwenyewe, wote waone nakuunga mkono."

Nikamsamehe.

Jumapili asubuhi Bisibisi akanitumia ujumbe: "Mashine nimeijaribu siku nzima, inatembea kama maji. Waya wa skrini uchomekwe chini, kwenye kadi. Tundu la juu ukilitumia itafanya kazi, lakini kadi itakuwa imelala. Hilo la juu nimeliziba kwa tepu nyekundu."

Nikamrushia Mhandisi ujumbe huo. Akajibu: "Mimi nifundishwe kuchomeka waya? 😂"

Mchana wageni walijaa chumba changu cha kazi. Baba alikalia kiti changu, shangazi yangu na mama yake Mhandisi wakabanana kwenye kochi, wajomba zake wawili wakasimama mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni natafuta glasi zinazofanana. Niliporudi, Mhandisi alikuwa anatoka chini ya meza anajipangusa magoti.

"Tayari! Haya, mama watoto, tutembeze kwenye hospitali yako."

Nikawasha. Mlango wa wodi ukatokea kwenye skrini, mzuri, na mwanga wa asubuhi juu yake. Nikabonyeza tuingie.

Picha ikasogea hatua moja, ikasita. Hatua nyingine, ikasita. Ukuta ukakatikakatika, kitanda kikaning'inia hewani. Ilikuwa mbaya kuliko kompyuta yangu ya zamani.

"Ndiyo hii?" mjomba mmoja akauliza.

"Nilisema," Mhandisi akawaambia wazee, amekunja mikono. "Si nilisema? Lile dude la kadi halina maana. Lakini nani anasikilizwa humu?"

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, mwenzio alikuonya. Kichwa kigumu hiki umekitoa wapi? Mkioana mambo ya mashine mwachie yeye. Hata hiyo kazi ya hospitali, ukiitafakari..."

"Shangazi, naomba dakika moja."

Macho yangu yalikuwa kwenye shati la Mhandisi, shati jeupe la kuja kupanga tarehe. Kwenye kiwiko chake palikuwa na kipande cha tepu nyekundu, kimeng'ang'ania.

Nikapiga magoti nyuma ya meza. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa juu. Huko chini matundu ya kadi yalikuwa wazi yote, hayajaguswa. Nikachomoa, nikachomeka chini, nikawasha upya.

Tukaingia wodini. Tukatembea koridoni bila kukwama, tukafungua mlango wa chumba cha kujifungulia, na jua likaingilia dirisha la mashariki, likalala juu ya kitanda pale pale nilipotaka lilale. Mama yake Mhandisi akasahau soda yake mkononi.

"Mungu wangu," akasema. "Ningezalia hapa, nisingelia vile."

Hakuna aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko baba. Kisha kicheko kikaisha, na wote wakamwangalia Mhandisi. Nikakibandua kile kipande cha tepu kiwikoni mwake, nikamwonyesha.

"Fundi aliweka hii ili mtu asichomeke juu. Wewe umeibandua, ukachomeka juu. Ulikosea, au ulikusudia?"

Wallahi, nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Neno moja tu lilitakiwa. Angelisema, ningecheka, tungepanga tarehe, na hadithi hiyo tungewasimulia watoto.

Alimtazama baba. Akawatazama wajomba pale mlangoni, ambao mmoja wao ndiye aliyeanza kumwita Mhandisi.

"Mimi sikosei kwenye mashine," akasema.

"Kwa hiyo ulikusudia."

"Sijasema hivyo."

"Ni moja kati ya mawili, mpenzi. Chagua."

"Mwanangu," mama yake akamvuta shati, "sema umekosea! Ni waya tu huo, sema umekosea yaishe!"

"Mama, niache. Haya, nilikusudia! Nilitaka aone kwamba bila mimi hawezi."

Alikuwa anadanganya. Nilimjua miaka minne, na akidanganya masikio humwiva. Alikuwa tayari nimwone adui, ili mradi nisimwone mjinga.

Nilivua pete. Juu ya meza palikuwa na kifuko kidogo cha skrubu zilizobaki baada ya kuunda mashine. Nikaitumbukiza humo, nikakifunga, nikamwekea kiganjani.

"Hivi ni vilivyobaki. Mashine imekamilika bila hivi."

"Mwanangu!" shangazi akasimama. "Unaacha mwanaume kwa sababu ya waya?"

"Hapana, shangazi. Waya nimeshauchomoa mwenyewe, umeona. Huyu amechagua niharibikiwe mbele yenu kuliko yeye kusema neno moja. Leo kaniambia alitaka nishindwe. Mimi namchukulia kwa maneno yake, kama fundi alivyonichukulia kwa yangu."

Baba alinyanyuka kwenye kiti changu, akakigeuza kielekee skrini, akanishikia mgongo wa kiti nikae.

Mhandisi aliondoka kwa miguu, mama yake nyuma yake akimgombeza hadi geti la barabarani.

Usiku ule nililia, na sioni haya kusema. Jumatatu nikaosha uso, nikafanya kazi. Alhamisi kamati ikatembea wodini mara tatu. Mara ya tatu muuguzi mkuu aliomba tusimame pale dirishani kidogo. Wakasaini siku hiyo hiyo, na chini ya mchoro palikuwa na jina langu.

Nilipotoka nje simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Mhandisi:

"Nilikosea. Ujumbe wa fundi sikuumaliza kusoma, sikulijua lile tundu. Nilidhani tepu ni ya kufungia mzigo. Nisamehe, wewe ndiye moyo wangu."

Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za hospitali, watu wakinipita kulia na kushoto. Kuna nafsi ndani yangu ilitaka kumpigia.

Nikaandika: "Najua. Mama yako alijua. Hata shangazi alijua. Wote tulikuwa tunakusubiri wewe."

Akajibu hapo hapo: "Sasa nimesema."

"Umesema ukiwa peke yako," nikamwandikia. "Kunidharau ulinidharau mbele ya watu."

Nikaizima simu, nikarudi nyumbani. Ile tepu nilikuwa nimeibandika tena mahali pake, juu ya tundu la juu. Nikawasha mashine yangu na kuanza kuchora ukuta wa kwanza wa ofisi yangu.