Uso Tuliuficha

Kifungo kilimdondoka mwandishi katikati ya soko la simu, mahali ambapo hata ukidondosha sufuria hutaiona tena. Alikisikia kikigonga sakafu, akakiona kikibiringika kati ya viatu vya watu, kikaingia chini ya meza ya fundi mmoja na kutulia huko kama kimefika kwao.

Kifungo kile kilikuwa kamera.

Wiki kadhaa alikuwa akizunguka ujia ule mwembamba akijifanya mteja, leo blauzi ya njano na miwani mikubwa, kesho gauni refu na kilemba, akitafuta kitu kimoja tu: simu ya wizi inavyoingia sokoni na kutoka ikiwa mpya. Hakuwa amepata chochote. Wauzaji walimchekea, wakamwita mrembo, wakamuuzia vifuniko vya simu. Kwa vifuniko alivyokuwa navyo nyumbani, angeweza kufungua duka. Na kila jioni mhariri wake, ambaye chumba kizima cha habari kilimwita Bado kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo, alitazama picha zake akasema, "Bado. Haijakaa."

Alipoinama chini ya meza, macho yake yakagongana na ya fundi aliyeinama upande wa pili. Mwanamume mwembamba, fulana ya kijivu iliyopauka kwa kufuliwa, kucha ya kidole gumba imeungua kwa kulehemu. Kifungo kilikuwa kiganjani mwake. Alikigeuza mara moja tu, akaelewa.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "kifungo chako kinatazama watu."

Mwandishi akanyoosha mkono kukichukua; fundi akafumba kiganja.

"Na wale wawili nyuma yako ni watu wa Mjomba, mwenye mzigo wa wizi hapa. Kwa hiyo tuinuke, unigombeze. Sema nimekuharibia simu."

"Nikugombeze?"

"Tena kwa nguvu. Una sura ya mtu anayejua kugombeza."

Aliinuka, akamgombeza. Mwanzoni aliigiza. Kisha, kwa kuwa wiki zote zile zilikuwa zimemjaa kooni, akagombeza kweli: mafundi waongo, soko zima waongo, mtu hapati hata neno moja la maana! Watu wa Mjomba wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakaenda zao. Fundi akafunga kifungo kwenye kikaratasi, akamkabidhi kama anamrudishia mteja msumbufu mali yake.

"Hasira yote hiyo umeitoa wapi?"

"Kazini."

"Basi kazi yako na yangu ni mtu na dada yake."

Sokoni walimwita Taratibu, kwa jinsi mikono yake isivyokuwa na haraka hata mteja akimsimamia kichwani. Akiwa anawaza, bisibisi ilizunguka juu ya kidole gumba chake, ikarudi, ikazunguka tena, bila mwenyewe kujua. Mwandishi aliugundua mchezo huo siku ya pili. Siku ya tatu alikuwa anaenda sokoni kuutazama.

"Kifungo changu, umekula?" Taratibu alianza kumuuliza kwa simu kila mchana.

"Nimekula maneno ya Bado. Kashiba yeye, nimevimbiwa mimi."

"Pole, kipenzi. Njoo jioni nikutengeneze. Sina vipuri lakini nitajaribu."

Kwa mama yake, mwandishi alisimulia bila kuulizwa. "Yaani mama, anazungusha bisibisi hivi juu ya kidole gumba, halafu inarudi yenyewe! Na kile kidole kina kucha iliyoungua..."

"Nimekuuliza ana tabia gani, wewe unanieleza kucha," mama akasema. "Umekwisha, mwanangu."

Jioni moja walikaa chumbani kwa mwandishi, mlango wazi kwa heshima ya mwenye nyumba, na Taratibu hakutaka utani. Alikunja miguu kwenye kiti akatazama sakafu.

"Kila fundi mwenye meza pale anapokea mzigo wa Mjomba, atake asitake. Simu inazaliwa na namba yake. Sisi tunaifuta, tunaipa nyingine, inavuka mpaka. Hiyo unaweza kuizoea. Mimi nashindwa na picha. Jana nimefuta mtoto anayeota meno. Anacheka, mate yanamtoka, picha chungu nzima. Mama yake hana nyingine popote, nina hakika. Mtu wa mwisho kumwona yule mtoto akicheka vile ni mimi."

Mwandishi alimshika mkono. "Uyaseme haya mbele ya kamera."

"Na uso?"

"Tutauficha. Sauti tutaibadilisha. Hata mama mzazi hatakujua, naapa."

Akasema. Alionyesha kila kitu, simu kwa simu, kwa utaratibu wake uleule. Kisha mwandishi akajifungia chumba cha kuhariri. Uso wa Taratibu aliufanya giza tupu. Sauti aliishusha mpaka ikawa kama inatoka kwenye pipa. Alibadilisha rangi ya fulana, akafuta dirisha lililokuwa nyuma, akaondoa hata kengele ya shule iliyosikika kwa mbali. Kila alipofika kwenye mikono, alirudisha nyuma, akatazama tena.

Bado alipomaliza kuitazama alijikuna kidevu. "Imekaa," alisema. Mwandishi nusura amkumbatie.

Kipindi kiliporushwa jioni, kilimkuta kwa mama yake. Majirani walijaa sebuleni, wengine wamekalia mikono ya makochi. Picha zikaanza. Mtu asiye na uso, anayeongea kama pipa, akafungua simu. Majirani wakaguna. Mama aliusogeza uso wake karibu na televisheni, akageuka.

"Ndiye huyo fundi wako?"

"Mama, hujawahi kumwona. Umejuaje?"

"Si kile kidole? Na bisibisi hiyo hapo inazunguka. Si uliniambia mwenyewe?" Mama alikuwa anatabasamu bado. "Haya. Mikono nimeiona. Lete na uso."

Mwandishi alikuwa ameshafika barazani, simu sikioni. *Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.* Alipiga tena. Alipiga mpaka sauti ile ya dada wa kwenye simu akaichukia kama mke mwenza.

Asubuhi alikuta meza ya Taratibu imevunjwa vipande, vipande vimepangwa vizuri ukutani kama kuni za kuuza. Mafundi wa pande zote mbili waliinamia kazi zao, hakuna aliyeinua kichwa. Polisi walikuwa wamepita alfajiri wakaondoka na wauza chaja wawili. Mjomba mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, palepale, suruali imenyooshwa, anakunywa soda kwa mrija.

"Mteja wetu!" alimwita. "Leo hutaki kifuniko?"

Alirudi ofisini moja kwa moja, na huko akakuta jipya. Kituo kilikuwa kimetoa tangazo la kipindi, dakika nzima, mikono ya Taratibu mwanzo mpaka mwisho, karibu kabisa, bisibisi ikizunguka na muziki wa kutisha juu yake.

"Nani kafanya hili?"

"Mimi," Bado alisema. "Picha nzuri hizo. Watu wanatumiana kama wazimu. Nataka sehemu ya pili, yuko wapi huyo jamaa?"

"Wamemvunjia meza! Sijui kama mzima! Iondoeni, niifiche mikono."

"Baada ya watu wote kuona?"

"Ndiyo. Baada ya watu wote kuona."

"Bado," mhariri alisema. "Subiri wiki iishe kwanza..."

"Basi futa jina langu kwenye kipindi, na sehemu ya pili uitengeneze wewe. Nitakuazima blauzi."

Bado alimtazama, akatazama viatu vyake, akasukuma kiti nyuma kumpisha kwenye mashine ya kuhariri. Mwandishi aliificha mikono kwa ukungu mchana ule, akilia kwa hasira, akijua kila simu mjini ilikuwa na picha zile za mwanzo.

Siku zilizofuata alipiga simu kwenye foleni ya benki, ngazini, bafuni. Siku ambayo hatimaye iliita, ilipokelewa na mwanamke. Nyuma yake palisikika maji na vicheko.

"Haloo? Yuko ndani anakula, ametoka kuoga. Nimwambie nani?"

Mwandishi alikata. Kwa hiyo ndivyo. Yeye hajalala, kakonda, kapigana na bosi, na bwana ametoka kuoga! Alitupa simu kitandani. Ikaita. Aliitazama, akaiokota.

"We mwanamke, mbona unakata?" sauti ileile. "Wewe ndiye Kifungo?"

"Na wewe ndiye nani?"

"Dada yake. Tumbo moja. Na nina hamu ya kukuona, maana tangu umtoe kwenye televisheni wateja wangu hawasukwi kwa raha, kanikalia nyuma ya saluni amenuna kama mvua. Njoo umchukue, au mjibizane mmalize."

Saluni ilinuka dawa ya nywele na maji ya moto. Dada mtu, kifua mbele, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, alimpima mwandishi kuanzia viatu hadi kichwani, akamwonyesha pazia kwa kidevu.

Taratibu alikuwa ameinamia mashine ya kukaushia nywele. Amevaa glavu nyeusi za kupakia dawa, zile zinazomfika mtu karibu na kiwiko. Kila skrubu aliyoishika ilimponyoka.

"Glavu za nini?" mwandishi aliuliza, ingawa alijua.

"Mteja mmoja jana kaniambia, kaka, mikono yako si ile? Nikasema siyo." Hakuinua kichwa. "Vifungo vyako?"

"Vya kushonea. Kagua."

Hakukagua. "Ulisema hata mama mzazi hatanijua. Uso umeficha. Sauti umeficha. Mikono mkaitengenezea na muziki."

"Tangazo alifanya Bado. Sikujua mpaka lilipotoka."

"Na kwenye kipindi? Napo ni Bado?"

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. "Napo ni mimi," alisema. "Nilikagua kila kitu, Taratibu. Nilifuta hata kengele. Nilipofika kwenye mikono yako sikukumbuka kwamba inaweza kukutaja. Nilikuwa naitazama tu. Nilirudisha nyuma nikaitazama tena, kama mjinga."

Skrubu ilianguka. Hakuiokota.

"Yaani nimevunjiwa meza kwa sababu unanipenda."

"Ndiyo."

"Si bora ungenichukia kidogo!" Alipiga goti kwa kiganja, sauti imepanda kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Meza ile nilichonga mwenyewe. Na Mjomba?"

"Yuko kwenye kiti chake. Anakunywa soda."

"Na simu?"

"Zinaingia kama kawaida. Siku hizi wanazipitishia mlango wa nyuma."

Taratibu alicheka, kicheko kibaya, kisha kikamwisha. Mwandishi alimsogezea simu yake amwonyeshe kipindi kilivyo sasa. Alikitazama chote. Pale ilipokuwa mikono palikuwa na wingu jeupe likihangaika juu ya meza.

"Sasa ndiyo haionyeshi kitu kabisa," alinung'unika. "Mtu atajuaje kwamba nafanya kazi?"

"Nitatengeneza meza nyingine na wewe. Mtaa mwingine. Nitashika mbao."

"Wewe? Utashika mbao au utaniangalia?"

"Vyote."

Nyuma ya pazia vicheko vya wanawake vilizuka, vikazimwa haraka. Walikuwa wanasikilizwa neno kwa neno.

"Jamani, mashine yangu!" dada mtu akaita. "Kuna mtu huku kichwa kimelowa!"

Taratibu alirudi kwenye kazi. Alitafuta skrubu mezani, akaikosa, akaipata, ikamponyoka. Alikaa akiwaza, na bisibisi ikajaribu kuzunguka juu ya kidole chenye glavu, ikateleza, ikaanguka sakafuni. Alifyonza. Mwandishi aliiokota, akabaki nayo.

"Ni nani wa kwanza kunitambua?" Taratibu aliuliza ghafla. "Watu wa Mjomba walikuja usiku uleule. Wamewezaje haraka hivyo?"

"Mama yangu aliwatangulia."

"Mama yako? Hajawahi kuniona!"

"Nilimsimulia kidole."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama simu ambayo mwenyewe haamini itawaka. "Akasema nini?"

"Alisema mikono ameiona. Nilete na uso."

Taratibu alivuta glavu ya kwanza, kidole baada ya kidole, mpaka kucha iliyoungua ikatokeza. Alinyoosha mkono kuomba bisibisi. Mwandishi akampa, na hakuuachia mkono.

"Mwambie," Taratibu alisema, akivuta glavu ya pili kwa meno, "uso unakuja. Ila umenuna."