Homa ya Siku za Kahawa

Desemba hiyo ya mwaka 1994, kahawa ilikuwa imeiva sana pale Gakindu. Kiwanda kilipokea kahawa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo siku hizo familia nzima ya Ngendo iliingia shambani alfajiri na vikapu. Ngendo, msichana wa darasa la saba, alichuma upesi kama mtu mzima. Mdogo wake, Wamucii, alikuwa amerudi karibuni kutoka kwa shangazi yao kule Mwea kwenye mashamba ya mpunga.

Jumatatu, Wamucii aliketi chini katikati ya mibuni.

"Nasikia baridi," alisema, meno yakigongana.

"Na jua lote hili?" Ngendo alimcheka.

Jumanne alikuwa mzima, akiruka kamba na wenzake. Jumatano akatetemeka tena. Alhamisi akaomba kuongezwa uji. Ijumaa alipojilaza juu ya gunia, Ngendo alipandwa na hasira.

"Ati homa! Homa gani hii inayongoja siku za kahawa? Mama, huyu ni mvivu tu!"

"Inuka, Wamucii," mama alisema. "Huku kwetu milimani ni baridi. Hakuna malaria."

Loo, maskini mtoto! Alichuma huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemfuta.

Jumamosi aliruka kamba tena. Jumapili hakukuwa na kahawa. Wamucii alipenda kuimba kanisani kuliko kitu chochote, naye alivaa gauni lake la manjano mapema. Kabla hawajafika barabarani alianza kutetemeka, kisha akaanguka. Ngendo alishika viganja vya mdogo wake, akaona vimekuwa vyeupe. Leo hakukuwa na kazi ya kukwepa. Alimwita mama kwa sauti, wakambeba mbio.

Hospitalini, Daktari Wasike alimtoboa kidole, akaitazama damu kwa hadubini, akamdunga dawa haraka. Walikuwa bado wanamtafutia damu ya kumwongezea Wamucii alipokata roho.

Mama alipiga yowe. "Lakini daktari, jana alikuwa akiruka kamba!"

Wasike aliketi karibu naye. "Pole sana, Mama Ngendo. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Humo hula na kuongezeka kimyakimya, na mtoto huonekana mzima. Kisha chembe hizo hupasuka kwa pamoja, vimelea vikatoka, na hapo ndipo homa huja. Halafu huvamia chembe nyingine. Kila mara damu inapungua. Mbu alimuuma kule Mwea."

"Nilimwita mvivu," Ngendo alisema kwa kwikwi.

"Hukujua, binti yangu. Sasa unajua. Mtu akitoka mahali penye malaria kisha akashikwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Homa ikipoa, msidhani imekwisha."

Baada ya mazishi, mama hakurudi shambani. Alimchukua Ngendo, wakapita kila nyumba yenye mtoto aliyekwenda Mwea likizo hiyo. Kwa jirani mmoja walimkuta mvulana aitwaye Ngatia akicheza mpira uani.

"Jana alikuwa na homa kali," mama yake alisema, "lakini leo amepona. Si mnaona anavyocheza?"

Mama Ngendo alimshika mkono. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Wangu pia alicheza."

Ngatia alipimwa siku hiyo, akatibiwa, akapona. Mama Ngendo alipopata habari alimshukuru Mungu, kisha akalia upya.